Vidonge Viwili vya Saa Nne

Daktari aliniuliza kama ninatumia dawa yoyote, nikamjibu situmii. Nilijibu haraka, tena kwa fahari kidogo, maana wanawake wa rika langu hapa Zinga karibu wote wana dawa. Huyu ya presha, yule ya sukari, mwingine anatembea na mfuko mzima. Mimi sina. Nina miaka sitini na moja na sijapata kushika kadi ya kliniki tangu nilipomzaa binti yangu. Nilitaka daktari alijue hilo na aliandike.

Wala sikudanganya. Vile vidonge vya maumivu, ambavyo sivitaji jina kwa kuwa hata wewe unavyo nyumbani sasa hivi, kwenye kabati la vyombo au kwenye pochi, huku kwetu si dawa. Dawa ni kitu unachopewa kwa ugonjwa, ukaandikiwa, ukaelezwa kabla ya chakula au baada. Vidonge vile ni vya kichwa tu, vya kiuno, vya jua kali, vya kulia msibani. Mtu akikuuliza umekula nini leo, humtajii chumvi. Basi ndivyo nilivyokuwa mimi navyo: viwili saa nne asubuhi, viwili jioni, na siku mbaya viwili tena katikati, kwa miaka mitano.

Vilianza kwenye eda. Mume wangu alianguka shambani kwake Fukayosi, mkono bado umeshika jembe, na kabla ya alasiri nikawa mjane. Miezi minne na siku kumi nilikaa ndani, na katika muda huo sikuwa peke yangu hata kidogo. Wanawake waliingia na kutoka. Walileta sukari, walileta sabuni, walileta mchele, na karibu kila mmoja alikuwa na karatasi ya vidonge amefunga kwenye pembe ya kanga. "Mwenzangu, hicho kichwa cha kulia kitakumaliza. Meza hivi, ulale kidogo." Nikimeza mbele yake, anafurahi, anabaki, tunaongea. Nisipomeza anaona nimemdharau. Vilivyobaki nilivitia kwenye kopo la biskuti, likajaa hadi kifuniko kikakataa kufunga.

Siku eda ilipokwisha nikaogeshwa, nikavishwa, nikafukizwa udi, tukala pilau, kila mtu akaenda zake. Keshoye hakuja mtu. Wiki nzima hakuja mtu. Ningependa kusema sikumlaumu yeyote, lakini huo ungekuwa uongo. Niliwalaumu wote, mmoja mmoja, kwa majina yao, kwa sauti, nikiwa nafagia uani. Kilichobaki kwangu ni kopo. Nikawa nameza viwili asubuhi, nikilala kidogo kama nilivyofundishwa.

Kazi yangu ni cherehani. Nilikuwa nashona sare za shule, na zamani mwezi wa Disemba nyumba yangu haikuwa na pa kukanyaga kwa vitambaa na wazazi wanaogombea zamu. Sasa sare zinanunuliwa zimekwisha shonwa, mjini, zinaninginia madukani. Anayekuja kwangu anataka kubadilishiwa zipu, tena anasimama mlangoni. Binti yangu yuko Mwanza, ameolewa huko na ana kazi. Hupiga simu Ijumaa, dakika nne, na mbili kati ya hizo huishia kwenye "unanisikia, mama?" Nampenda mwanangu. Lakini simu ile ikikatika, chumba kinakuwa kimya kuliko kabla haijaita.

Kopo lilipokwisha ndipo nikaanza kwenda duka la dawa, lile lililo barabarani ng'ambo ya kituo. Muuzaji wake ni mwanamke wa bara, wa upande wa Njombe, mwenye umri unaolingana na wa binti yangu. Alikuja hapa hana ndugu hata wa kusingizia. Watu walimpenda kwa sababu ana mkono mwepesi wa kufunga vidonda na hana maneno mengi. Aliniamkia vizuri siku ya kwanza, akakata vidonge viwili kwa mkasi kutoka kwenye karatasi yake, akavifunga kwa kipande cha daftari. Kisha akaniona nilivyo, akasema, "Mama, mezea hapa hapa, maji yapo." Akanimiminia kwenye kikombe, akanionyesha benchi lililo upande wa ndani, nyuma ya kabati la vioo. "Kaa kidogo vishuke."

Nikakaa kidogo. Kesho yake nikakaa zaidi. Baada ya mwezi nilikuwa naingia saa nne na kutoka ikiadhiniwa adhuhuri, na mambo ya wateja wote nayajua, nani ana fangasi, nani ana mimba na hajamwambia mumewe. Tulipiga soga mpaka akasahau kuandika vilivyouzwa. Nilimfundisha kupika samaki wa nazi, maana alikuwa anamharibu, masikini, anamchemsha kama maharage. Yeye alinifundisha kutuma ujumbe wa sauti kwenye simu. Alinitania kwamba ninaringa kama mke wa liwali, nami nikamtania kwamba watu wa kwao huoga mwezi ukiandama. Nilicheka pale kuliko nilivyocheka miaka kumi ya nyuma.

Ukiniuliza leo kama kichwa kilikuwa kinauma kweli, nitakujibu. Miezi ya kwanza ndiyo. Baadaye kilikuwa kinaanza kuuma saa tatu na nusu, nikivaa kanga ya kutoka. Nilijua. Ila mwanamke mzima wa kwetu haendi kujibanza kila siku kwenye duka la mtu asiye nduguye, hana anachonunua, hana anachotafuta. Watu watasema nini? Yeye mwenyewe angesema nini? Vidonge viwili vilikuwa ruhusa yangu. Nikishavimeza nina haki ya kukaa, kwa kuwa mimi mgonjwa.

Siku moja ya masika, mvua imefunga barabara na hakuna mteja, aliniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote hapa. Alikuwa ameolewa, akipigwa, akakimbia alfajiri. Alimwacha mtoto wa miaka miwili kwa sababu mtoto alikuwa amelala chumbani kwa mama mkwe. Mtoto aliamka, yeye akamsikia anamlilia nyuma, lakini akaendelea kukimbia. Sasa mtoto yule ana miaka kumi na moja na anaambiwa mama yake alikufa. Watu wa Zinga walidhani hajapata kuzaa, naye aliwaacha wadhani hivyo. Alipomaliza hakulia, alipanga chupa za dawa ya kikohozi zilizokuwa zimepangika tayari. Nilimshika mkono, nikamwambia limeingia kwangu na halitatoka.

Maumivu ya ubavuni yalikuja mwaka huu. Upande wa kulia, chini ya mbavu, kama mtu aliyeweka ngumi na kuisahau. Nilikwenda hospitali Bagamoyo, wakanipaka ule ute wa baridi, wakanipiga picha ya altrasaundi. Aliyepiga picha alinyamaza ghafla, na mimi nikajua. Daktari akaniambia kuna uvimbe kwenye ini, wa ukubwa wa limau, na kwamba tusikimbilie kusema saratani kabla ya vipimo vya Dar. Alitaja maneno mengi siku ile. Mimi nililisikia moja.

Ndipo aliponiuliza kuhusu dawa, nami nikamjibu nilivyomjibu. Akauliza kama nakunywa pombe. Nikamtazama mpaka akaandika hapana. Akauliza kama natumia sindano au vidonge vya uzazi wa mpango, kwa kuwa baadhi ya uvimbe wa ini hufuatana navyo. "Mwanangu," nikamwambia, "mpango gani, na nani?" Akacheka, nesi akacheka, nami nikacheka. Wakanichukua damu na kunipa barua ya kwenda hospitali kubwa Dar. Nilikwenda, nikaingizwa kwenye mashine, nikaambiwa nisubiri majibu wiki tatu.

Binti yangu sikumwambia, angefanya nini huko Mwanza zaidi ya kulia? Nilimwambia mmoja tu, na unamjua. Alisikiliza, akauliza limau kubwa au dogo, akaniandikia tarehe ya majibu kwenye kalenda ya dukani kwake. Wiki ile kila nilipoingia alikuwa ameniwekea chai. Sikuogopa kufa sana kama nilivyoogopa kuugua mahali ambapo hawezi kuja, kulazwa Dar, kitanda cha ukutani, hakuna mtu wa kuongea naye saa nne. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Wiki ya pili nilimkuta ana simu mkononi na uso umebadilika. Dukani mlikuwa na wanawake wawili wa mtaani kwangu na dereva wa bodaboda aliyechubuka mguu. Aliniamkia, nikaitikia, nikasema naomba vyangu vya kila siku. Hakushika mkasi.

"Mama, hospitali uliwaambia kuhusu hizi?"

"Hizi zipi?"

"Hizi unazomeza."

"Niwaambie nini? Hizi ni dawa?"

Akavuta pumzi. Akasema taratibu kwamba jana alikuwa anasoma, na kuna watafiti wanaona vidonge hivi, mtu akivitumia mara kwa mara kwa muda mrefu, vinaonekana kufuatana na uvimbe fulani wa ini, ule usio saratani. Akasema hajui kama ndio wangu, yeye si daktari. "Lakini leo sikukatii, mama. Na kesho sikukatii. Nenda kawaambie kwanza."

Sasa nikueleze nilichosikia, maana si alichosema. Nilisikia: usije tena. Nilisikia kwamba huyu naye ameona kaburi langu na anajitoa mapema, kama wale wa eda. Hasira zangu ziko karibu, marehemu mume wangu alikuwa akisema zinalala na viatu. Nikamwambia akate vidonge. Akatikisa kichwa. Nikamwambia tena, kwa sauti, na wale wanawake wakageuka. Akasema, "Mama yangu, nakuomba. Ni kwa ajili ya mwili wako."

"Mwili wangu?" nikasema. "Wewe uliyemwacha mtoto wa miaka miwili anakulilia mgongoni, ukakimbia, ndiye wa kunifundisha mimi kutunza mwili?"

Nilisema maneno hayo. Sikuteleza ulimi, sikukosea. Niliyachagua kwa sababu nilijua yataumiza, na nilijua kwa kuwa aliyaweka mwenyewe mikononi mwangu.  Wale wanawake walitazamana, na nikaona macho yao yakifurahi. Yeye alinipa mgongo. Alichuchumaa mbele ya yule dereva, akamwambia anyooshe mguu, akaanza kukisafisha kidonda. Nikatoka. Mpaka jua linatua, Zinga yote ilikuwa na habari.

Kwa ukaidi nilinunua vidonge vile vile kwenye kibanda cha vocha na biskuti, nikavimeza nyumbani peke yangu, nimesimama. Nilifanya hivyo siku nane. Sikuwa na mtu wa kuniambia nikae vishuke.

Majibu yalipotoka Dar, daktari wangu wa Bagamoyo alinipokea kwa tabasamu. "Mama, si saratani." Alirudia mara mbili, kwa kuwa sikuonyesha kufurahi, nilikuwa bado sijaamini. Akaeleza kwamba ni uvimbe usio saratani, lakini si wa kuuacha bila kuutazama, kwa sababu mwingine hukua na mwingine huweza kuvuja damu. Kilichomshangaza ni kwamba mwanamke wa umri wangu asiyetumia chochote anaupata wapi.  Kisha nikasema, ila kuna vidonge vya kichwa.

"Vingapi?"

"Vinne. Siku nyingine sita."

"Kwa wiki?"

"Kwa siku. Miaka mitano."

Akaiweka kalamu chini. "Mama, kwa nini hukusema?"

"Uliuliza dawa," nikamwambia.

Hakukasirika, ningependa angekasirika. Aliniambia karibu neno kwa neno yale niliyokwisha kuambiwa dukani. Watafiti wameanza kuona uhusiano, hawajamaliza kazi yao, hakuna anayeweza kuniapia kwamba vidonge ndivyo vilivyoleta uvimbe huu. Lakini yeye hatangoja waapie. Nisimeze tena hata kimoja, na nirudi baada ya miezi sita tuone. Akaniuliza kama nina mtu wa kunikumbusha. Nikasema nilikuwa naye.

Wiki mbili za kwanza kichwa kiliuma kweli kweli, kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Nilijikaza kisabuni. Nilijifunga kitambaa, nikalala chini kwenye saruji ya ukumbini, nikaamka salama. Maumivu yaliondoka, ila saa nne haikuondoka. Kila ikifika nilikuwa navaa kanga ya kutoka, nafika mlangoni, navua. Nilikuwa na maneno ya kumwomba radhi, nimeyapanga, nimeyafanyia mazoezi mbele ya cherehani. Nikajiambia nitakwenda kesho. Ilikuwa hivyo miezi sita, na nikihitaji kwenda kituoni nilikuwa navukia mbali ili nisipite mbele ya lile duka.

Habari zake nilizipata bila kuuliza. Walikuja kunipa wale wale wanawake wa mtaani, sasa wakaingia hadi ndani na kukaa, kwa kuwa nilikuwa na kitu wanachokitaka. Mtoto ni wa kike au wa kiume? Na mume alimfanya nini hasa? Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza nyumba yangu kupata wageni tangu eda. Niliwafukuza. Mmoja alisema mlangoni kwamba sasa najidai nini, wakati mimi ndiye niliyetangaza. Hakunionea. Nilisikia kwamba huko dukani wateja wengine wanamuuliza usoni, wengine wanamwita mama aliyetupa mtoto, na kwamba yeye huwauzia tu na kuwarudishia chenji. Hakuhama, atahamia wapi?

Baada ya miezi sita nilirudi kwa picha. Aliyepiga safari hii hakunyamaza, alianza kuongea kabla hata hajamaliza. Uvimbe ulikuwa umepungua, haukufika nusu ya ule wa kwanza. Daktari alinishika mkono kwa mikono yote miwili. "Nenda nyumbani kawaambie watu wako," akasema.

Nikakaa kwenye kiti cha korido nikampigia binti yangu. Hakupokea. Ukaja ujumbe: niko kazini mama, nitakupigia. Nilitaka kumwandikia, lakini nilikuwa sijamwambia hata kwamba niliumwa, nitaanzia wapi? Niliwatafuta wengine kwenye simu, nikashuka na orodha ya majina mpaka mwisho. Fundi wa mashine. Mwenye kisima. Mume wangu, ambaye sijamfuta. Mtu mmoja tu duniani alikuwa anajua kulikuwa na limau, na ndiye aliyeuliza kama ni kubwa au dogo.

Niliposhuka Zinga nilikwenda moja kwa moja, kabla sijafikiri. Hakukuwa na mteja. Alikuwa amekonda, na nywele alikuwa amezikata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu. Nikusaidie nini?"

Nikamwambia si saratani. Nikamwambia umepungua, haufiki nusu, na kwamba daktari alisema yale yale aliyoyasema yeye. Hapo uso wake ulifunguka, akaweka mkono kifuani akasema alhamdulillahi, neno letu, alilolizoea kwangu. Machozi yalimlengalenga. Alifurahi kweli. Sijaona mtu akifurahia uhai wangu namna ile tangu mume wangu. Nikapata nguvu, nikayasema yale mengine. Si kama nilivyoyapanga. Nilisema tu nilikosa, lile halikuwa la kwangu kulitoa, nililitoa ili uumie, nisamehe.

"Nimeshakusamehe, mama," akasema. "Nilikusamehe wiki ile ile. Nilijua una hofu."

 Nikazunguka kabati la vioo kwenda kwenye benchi.

"Ila usikae, mama."

Alisema kwa upole, bila hasira hata chembe, kama anavyowaeleza watu namna ya kumeza dozi. "Ukiumwa njoo, nitakuhudumia kama mtu yeyote. Lakini kukaa, usikae tena hapa."

Nikasema haya, mwanangu. Nikamtakia mchana mwema, naye akanitakia. Nikatoka, nikapitia njia ya shuleni, ambayo ni ndefu, nisije nikafika nyumbani mapema.